Mdai Akiwa Kaburini: Toba na Viporo katika Tamthilia ya Angel

Mabibi na mabwana, waandishi wenzangu, na nyinyi mliokuja kwa sababu mnapenda tu vampaya,

Wahenga walituambia dawa ya deni ni kulipa. Hawakutuambia la kufanya pale ambapo mwenye kudai yuko kaburini, aliyempeleka huko ni mdaiwa mwenyewe, na mdaiwa huyo hafi. Hilo ndilo shamba ambalo tamthilia za mizimu zimelilima miaka yote: jambo lililoachwa nusu, kiporo kilicholala mezani, na mtu anayetaka kujirudi ilhali aliyemkosea hayupo tena wa kuombwa radhi.

Jioni hii nitashika mfululizo mmoja, Angel, uliobuniwa na Joss Whedon na David Greenwalt. Ulianza kuonyeshwa Marekani kwenye televisheni ya The WB tarehe 5 Oktoba 1999, ukafungwa tarehe 19 Mei 2004: misimu 5, sehemu 110. Nitasimulia miisho bila kuomba radhi. Kitu kilichofungwa mwaka 2004 hakina siri tena.

Wengi huusoma mfululizo huu kama daftari la duka. Upande mmoja waliouawa, upande wa pili waliookolewa, na siku pande mbili zikilingana mhusika mkuu anarudishiwa ubinadamu wake. Hata wahusika wenyewe huongea hivyo mara kwa mara. Lakini ukifuata yanayotokea na kuyaacha yanayosemwa, utaona waandishi walijenga kitu kingine kabisa. Katika Angel deni halilipwi kwa jumla. Linadaiwa na mtu, mmoja mmoja, na mtu huyo huja mlangoni kwa saa anayoitaka yeye. Mwandishi akilielewa hilo, nusu ya matatizo ya hadithi za toba humwondokea. Asipolielewa, atabaki na shujaa mwenye huzuni na koti jeusi, basi.

Tuanze na deni lenyewe. Mhusika mkuu, naye anaitwa Angel, alizaliwa Galway, Ireland, mwaka 1727, jina lake Liam, kijana mlevi asiyeiva chungu kimoja na babake. Mwaka 1753 vampaya aitwaye Darla alimgeuza awe kama yeye, na haukupita muda Liam akawa ameimaliza familia yake. Kwa jina la Angelus akaizunguka Ulaya akiua kwa ustadi na kwa raha, hadi mwaka 1898 nchini Romania alipomuua binti wa ukoo wa Kalderash. Jamaa za binti wakamlaani kwa namna ya ajabu: wakamrudishia roho yake.

Tazameni vizuri kilichofanyika hapo. Roho hakupewa ili atubu. Alipewa ateseke, akumbuke kila uso. Ndiyo maana laana ikafungiwa sharti: akionja furaha kamili, hata ya dakika moja, roho inamtoka na Angelus anarudi kazini. Sharti hilo lilimnasa mwaka 1998 ndani ya Buffy the Vampire Slayer, mfululizo ambamo Angel alitokea kwanza. Maana yake ni kwamba Angel anaingia katika hadithi yake mwenyewe akiwa na adhabu mkononi. Hakuna aliyemtuma kutenda mema, na hakuna aliyemwahidi kitu. Toba ni kitu alichokiotesha yeye juu ya kisasi cha wengine.

Sharti lile lina faida nyingine ya kifundi, na naomba wenye kuandika mlizingatie. Mfululizo wa sehemu 22 kwa msimu unahitaji kizuizi kisichochakaa. Kizuizi cha kawaida, tuseme adui mwenye nguvu, huisha siku adui anaposhindwa. Sharti la furaha haliishi. Kila mapenzi yanapokolea hatari inaongezeka, kwa hiyo mtazamaji anaogopa jambo lile lile analolitamani. Sijaona mashine ya taharuki iliyo rahisi kuendesha kuliko hiyo.

Sasa, deni lazima liwe na tarehe. Ukiandika kwamba mhusika wako "aliua maelfu", hujaandika deni, umeandika uvumi. Maelfu hawaumi. Kabla hujagusa skripti ya kwanza, chukua karatasi uchore safu tano: nani, wapi, mwaka gani, alinyang'anywa nini, na nani alibaki. Jaza mistari sita au saba, isizidi kumi. Safu ya tano ndiyo itakayokulisha kwa misimu mitatu. Mstari ambao safu yake ya tano iko tupu, yaani hakuna aliyebaki, hakuna anayekumbuka, hakuna kilichoota kutokana na tendo lile, huo ni pambo. Uweke kwenye mbinu rejeshi ya dakika mbili, usiujengee sehemu nzima.

Kuna hali moja ambapo safu ya tano iko tupu na bado deni linauma, nayo iko katika sehemu ya 15 ya msimu wa 1. Tunarudishwa Galway. Angelus amekwisha kumuua babake, amekaa nyumbani humo akijiona mshindi. Darla anamharibia furaha kwa hoja moja: ushindi wako umechukua dakika chache, wake utadumu vizazi, kwa sababu sasa hatakukubali kamwe, hapa wala kwingine. Aliyemuua babake alikuwa akitaka jambo moja tu kutoka kwa mtu huyo, naye amemuua akiwa bado hajampa. Hapo mdai na mdaiwa wamebadilishana viti. Muuaji ndiye anayedai, na anayedaiwa ni maiti. Kiporo cha aina hiyo hakina ufumbuzi, na waandishi hawakujaribu kukifumbua. Waliweka kando yake askari polisi Kate Lockley, ambaye babake anauawa na vampaya katika sehemu hiyo hiyo kabla hawajasemezana yaliyohitaji kusemwa, kisha wakaacha misiba miwili isimame ubavu kwa ubavu. Hakuna aliyeinuka kueleza kwamba inafanana.

Wapo wanaouliza tofauti ya hili na tamthilia za mizimu inayotaka kuvuka. Tofauti ni kubwa. Chukua Ghost Whisperer, iliyoonyeshwa na CBS kuanzia 2005 hadi 2010, sehemu 107. Mzimu unamjia Melinda Gordon, una neno haukulisema au haki haukuipata, Melinda anaulizia, anapeleka ujumbe kwa walio hai, mzimu unaingia kwenye mwanga. Kwa dakika arobaini na kitu kiporo kimepashwa moto na kuliwa. Ni muundo halali, una wapenzi wake, na kuuandika vizuri si mchezo, maana kila juma unahitaji siri mpya isiyofanana na ya juma lililopita. Lakini Melinda hadaiwi kitu. Ni tarishi. Ukimtoa yeye ukaweka tarishi mwingine, kesi inakwisha vilevile. Angel akitolewa, kesi haipo, kwa sababu anayesuluhisha ndiye aliyeharibu, au aliharibu jambo linalofanana nalo. Chaguo hilo lifanywe siku ya kwanza. Waandishi wanaoanza na tarishi kisha msimu wa tatu wakamgundulia dhambi ya zamani huonekana wameishiwa.

Nirudi kwa wadai. Wapo wadogo, kama Penn wa sehemu ya 11 ya msimu wa 1, vampaya aliyefundwa na Angelus, anayeua Los Angeles kwa mtindo aliofunzwa na kuacha alama ya msalaba shavuni. Huyo ni deni lililozaa: mwanafunzi anaendeleza somo baada ya mwalimu kuacha. Dai lake linafungwa ndani ya sehemu moja, sawa. Mkubwa ni Daniel Holtz, na kwake nitakaa kidogo.

Holtz alikuwa mwindaji wa vampaya wa karne ya 18. Mwaka 1764, mjini York, Angelus na Darla waliingia nyumbani kwake yeye akiwa hayupo. Wakamuua mkewe na mtoto mchanga. Binti yake Sarah hawakumuua. Walimgeuza vampaya wakamwacha pale babake amkute. Holtz alimshika, akamwimbia wimbo wa kumbembeleza, na kulipokucha akamtoa yeye mwenyewe kwenye jua. Baadaye pepo aitwaye Sahjhan akampa njia ya kulala na kuamka zama nyingine, na katika msimu wa 3 anaamka Los Angeles ya mwaka 2001 akiwa na hasira ile ile, mbichi, kama ya jana.

Anamkuta nani? Mtu mwenye roho, anayeokoa watu usiku, na aliye njiani kupata mtoto. Katika sehemu ya 9 Darla mjamzito anajichoma mti moyoni, uchochoroni, mvua ikinyesha, ili mtoto azaliwe. Holtz anafika akiwa na silaha, anamwona Angel amekumbatia mtoto mchanga, na anamwacha aondoke. Mtazamaji mgeni anadhani ameona huruma. Baadaye ndipo inapoeleweka kwamba amebadilisha hesabu: kumuua mtu huyu ni kumlipisha kidogo mno.

Katika sehemu ya 16 anamchukua mtoto, Connor, na kutokomea naye katika ulimwengu wa Quor'toth. Majuma machache tu yanapita upande wa huku, huko miaka. Mtoto anarudi akiwa kijana, anayemwita Holtz baba na kumchukia aliyemzaa. Kisha inakuja ile ya sehemu ya 21. Holtz, sasa mzee, anampa mfuasi wake Justine chuma chembamba cha kuvunjia barafu amchome shingoni mara mbili, matundu mawili yakae kama meno. Anakufa kwa hiari ili Connor aamini kwamba Angel amemnyonya. Sehemu inayofuata Connor anamfungia babake ndani ya sanduku la chuma na kumtosa baharini, alikokaa kiangazi kizima.

Naomba tuifungue mashine hii tuone vyuma vyake. Kwanza, dai la Holtz ni halali kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Waandishi hawakumpa kichaa, hawakumfanya mwongo kuhusu yaliyompata. Pili, namna anavyodai ni yake na inamharibu. Anafikia hatua ya kumtendea mtoto wa watu kile kile alichotendewa yeye, kunyang'anya mzazi. Tatu, Angel hawezi kujitetea, kwa kuwa utetezi wowote ni wa kweli na bado hautoshi. Mkitenganisha hayo matatu kila kitu kinaanguka. Mdai mwenye kichaa anampa shujaa ruhusa ya kumpiga na kulala usingizi. Mdai mwenye dai halali na njia safi anamaliza hadithi haraka, kwa maana shujaa atajisalimisha tu. Mnahitaji haki na uharibifu ndani ya mtu mmoja.

Na deni hilo likazaa riba kwa watu wasiohusika. Wesley, mmoja wa wenzake Angel kazini, ndiye aliyemtoa mtoto nyumbani, kwa kuamini unabii wa kughushi uliosema baba atamuua mwana. Angel alimfuata hospitali, Wesley amelala kitandani na koo lililochanwa, akamkandamiza mto usoni. Ni Wesley huyo huyo aliyekwenda kumtafuta Angel baharini na kumwinua baada ya miezi mitatu, katika sehemu ya 1 ya msimu wa 4. Hakuna hotuba ya kusameheana pale. Kuna mtu anayempa mwenzake damu anywe apate nguvu, halafu anaondoka.

Niseme juu ya ugonjwa unaoua hadithi nyingi za aina hii. Nauita "hakuwa mimi". Mhusika alikuwa amepagawa, au hakuwa na roho, au alirogwa. Sasa amepona, kwa hiyo tumhurumie. Angel umejengwa pembeni kabisa ya shimo hilo, maana hata majina ni mawili, Angel na Angelus. Siku mtazamaji akikubali kwamba mauaji yote ni ya Angelus, toba ya Angel inageuka mazoea yasiyo na sababu. Waandishi waliziba shimo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu: anakumbuka yote, pamoja na kwamba aliyafurahia. Ya pili ndiyo ya maana zaidi. Walimfanya atende uovu akiwa na roho yake timamu.

Msimu wa 2, sehemu ya 10. Mawakili wa Wolfram & Hart, kampuni inayowatetea mashetani, wako kwenye pishi la mvinyo la bosi wao Holland Manners. Darla na vampaya mwenzake Drusilla wamewavamia. Angel anafika, wanamwomba awasaidie. Anawatazama, anafunga milango, anaifunga kwa kufuli, anaondoka. Wafanyakazi wake watatu, Cordelia, Wesley na Gunn, wanamwambia amevuka mpaka. Anawafukuza kazi. Hakuna laana ya kusingizia, hakuna Angelus. Tangu hapo kila mara anaposema "nilikuwa mwingine", mtazamaji analo pishi la kumkumbusha.

Kisha tazameni hesabu ya kurudi. Anaanguka sehemu ya 10, anarudi ya 16. Sehemu sita nzima, zaidi ya robo ya msimu. Katika ya 15 anapanda lifti na Holland Manners aliyekufa, akiamini anashushwa hadi makao makuu ya uovu ili akapigane na mzizi wenyewe. Milango inafunguka, yuko pale pale alipopandia. Los Angeles. Ndipo anapogundua kwamba hakuna vita ya mwisho atakayoshinda ili afute yaliyopita, na kama hakuna ushindi mkubwa, basi kilichobaki cha maana ni jambo dogo analoweza kumtendea mtu aliye mbele yake.

Jambo dogo hilo lina mlango. Kate, aliyefukuzwa kazi ya polisi, amemeza vidonge nyumbani kwake. Angel anavunja mlango, anaingia, anamweka chini ya bomba la maji baridi, Kate anapona. Baadaye Kate anasema kitu kilichompita kila mtu: hakuwahi kumkaribisha. Na vampaya haingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Sheria hiyo tumeiona ikifanya kazi tangu Buffy, watu wakiokoka kwa sababu yake, wengine wakifa kwa sababu yake. Hapa inavunjika mara moja, hakuna anayeeleza kwa nini, na hairudiwi kama hila. Mnaotunga sheria za kimazingaombwe, hiyo ndiyo njia ya kutumia muujiza. Sheria itangazwe mapema, itumike mara nyingi kiasi mtazamaji aisahau, ivunjwe mara moja tu, na anayeigundua awe mhusika aliyefaidika nayo. Ikivunjwa mara mbili si neema tena, ni uzembe wa mwandishi.

Nikumbushe kwamba kurudi kwa wenzake hakukuwa rahisi. Hakurudi kuwa bosi. Aliomba awafanyie kazi wao, na Wesley akashika uongozi. Cordelia alimnunia hata hivyo, mpaka sehemu inayofuata Angel alipomnunulia nguo mpya, naye akalainika mara moja huku Wesley akiwa haamini macho yake. Mimi naipenda zihaka hiyo kuliko machozi yoyote. Inaonyesha kwamba msamaha unaweza kuja kwa sababu ya kipuuzi, na aliyekosewa ndiye mwenye haki ya kuchagua sababu.

Ugonjwa wa pili ni kifo kama risiti. Mhusika mbaya anatubu sehemu ya mwisho, anajitupa mbele ya risasi, muziki, mwisho. Ni njia ya mkato: inamwondolea mwandishi kazi ya kuonyesha Jumanne ya baada ya toba. Sisemi isitumike kamwe. Doyle, mwenzake Angel aliye nusu binadamu nusu pepo, anakufa katika sehemu ya 9 ya msimu wa 1 na inakubalika, kwa sababu malipo yake yametoka katika sarafu ile ile ya deni. Aliwahi kuombwa msaada na ukoo wa mapepo wa aina yake waliokuwa wakiwindwa, akakataa, wakauawa. Sasa kuna mapepo wengine wanawindwa na wawindaji wale wale, na yeye ndiye aliye karibu na mtambo wa kuwaua. Laiti angekufa akiokoa basi la shule, tungesikitika, lakini lisingekuwa deni lake.

Faith, mwindaji wa vampaya aliyegeuka muuaji, alikataliwa njia hiyo. Katika sehemu ya 18 ya msimu huo huo amemtesa Wesley kwa saa kadhaa, kisha anapigana na Angel uchochoroni kwenye mvua, na katikati ya ngumi tunaelewa kwamba hapigani ashinde. Anataka auawe. Anamsihi. Angel anamkumbatia mpaka nguvu zimwishie. Sehemu ya 19 anamweleza wazi kwamba dunia si lazima iwe tayari kumpokea eti kwa sababu ameamua kubadilika, na kwamba anaweza kutenda mema maisha yake yote mizani isilingane. Halafu Buffy, mwindaji mwenzake aliyekosewa naye, anaingia, mdai halisi, hana haja na mizani ya mtu. Na Wesley, mwenye majeraha mabichi mwilini, anakataa kumkabidhi Faith kwa watu wa Baraza, chombo kinachowasimamia wawindaji kama yeye, waliomfuata. Mwishowe Faith anakwenda mwenyewe polisi na kukiri.

Anakaa gerezani karibu misimu mitatu. Katika sehemu ya 13 ya msimu wa 4 Wesley anamwambia anahitajika, naye anapasua kioo na kutoka, siku hiyo hiyo. Hapo ndipo tunapotambua kwamba kuta zile hazikuwahi kumshinda. Kila asubuhi alikuwa akichagua kubaki. Hakuna tukio hata moja la gerezani lililohitajika kueleza hilo. Kioo kimoja kilitosha. Kwa waandishi ambao wazalishaji wanawabana bajeti, hilo liandikeni mahali.

Gunn ni tofauti kidogo, nitapita haraka. Msimu wa 5 anatia saini karatasi ya forodha asiyoisoma vizuri ili abaki na akili ya sheria aliyopachikwa, na mzigo ulioruhusiwa na saini ile unamuua mwenzao Fred. Kukopa harusi, kulipa matanga. Anajitolea kubaki katika jela ya kuzimu mahali pa mtu mwingine, anakokatwa moyo kila siku. Anakuja kutolewa na Illyria, kiumbe anayevaa mwili wa Fred, yaani na matokeo ya kosa lake. Tazama tu mtu gani anafungua mlango.

Sasa malipo, na hapa ndipo mfululizo ulipokaribia kujiharibu. Mwisho wa msimu wa 1 wanatafsiri unabii wa Shanshu: vampaya mwenye roho, akishatimiza yaliyoandikwa, atakuwa binadamu. Ukishatangaza mshahara, kila tendo jema linaanza kunuka ajira. Mtazamaji anaanza kuhesabu, na mhusika naye. Tiba waliyoitumia ni kuchezea ule mshahara kila mara. Tayari katika sehemu ya 8, kabla ya unabii, walikuwa wamempa ubinadamu kwa siku moja kutokana na damu ya pepo aliyemuua, akala, akaishi na Buffy saa chache, kisha akaurudisha kwa hiari kwa sababu akiwa binadamu hangeweza kumlinda mtu. Siku ile ikafutwa, akabaki anaikumbuka peke yake. Msimu wa 5 analetwa Spike, naye vampaya mwenye roho, na ghafla unabii hausemi ni yupi. Wanapigana kugombea kikombe cha hatima, Spike anashinda, anakunywa, na ndani mna soda. Na katika sehemu ya mwisho Angel anatakiwa kutia saini kuukana unabii, ili maadui zake wamwamini. Anasaini.

Aliandika jina lake kabla ya vita, si baada. Ingekuwa baada, ingekuwa zawadi iliyokosekana. Kabla, ni mtu anayekwenda kufanya kazi bila malipo akijua. Halafu uchochoro, mvua, Gunn anavuja damu, jeshi linakuja na joka juu yake, na picha inakatika upanga ukiwa hewani. Walioudhika mwaka 2004 walikuwa wengi. Wakati huo ilikwisha tangazwa kwamba mfululizo unafungwa, na kwa hiyo wengi walidhani umekatwa tu. Mimi nasema kama wangeonyesha nani alishinda, wangejibu swali ambalo lifti ya Holland Manners ilikwisha kulikataa misimu mitatu nyuma.

Nimebakiza mfano mmoja, nao nimeuweka mwisho makusudi, kwa sababu tutautazama pamoja.

Msimu wa 2, sehemu ya 2. Hoteli ya Hyperion, Los Angeles, mwaka 1952. Angel anaishi humo, ana roho, hana kazi na watu. Kuna msichana anaitwa Judy, damu mchanganyiko anayejipitisha kama mzungu. Benki iliyomwajiri Kansas iligundua ikamfukuza, akaondoka na fedha zao. Angel anaanza kumsaidia, pengine mtu wa kwanza kumsaidia kwa muda mrefu. Katika kuta za hoteli anaishi pepo anayekula hofu za watu na kuwanong'oneza. Mauti yanatokea, wageni wanatafuta wa kulaumiwa, wanamkaba Judy, naye kwa woga anamsonta Angel. Wanamtia kitanzi, wanamtundika ukumbini. Hafi, bila shaka. Wanapoondoka anajifungua, pepo anamtokea akifurahi, anamwambia angali anaweza kuwaokoa. Angel anamjibu awachukue wote. Anatoka, roho yake ikiwa mahali pake.

Karibu nusu karne baadaye anarudi na wenzake, wanamuua pepo. Chumbani juu wanamkuta Judy, bibi kizee, hai. Pepo amemla taratibu miaka yote hiyo akiwa amejifungia kwa hatia ya kumsaliti mtu mmoja. Sasa pimeni: yeye anamwomba msamaha Angel. Angel, aliyemwacha mle makusudi. Kila mmoja ni mdai na kila mmoja ni mdaiwa, na mmoja wao tu ndiye anayejua hesabu yote. Angel anamsamehe. Judy anajilaza apumzike kidogo kabla ya kutoka nje, anakufa. Na Angel anawaambia wenzake watahamia hapo. Jengo hilo linakuwa ofisi yao hadi mwisho wa msimu wa 4. Kila kikao, kila kikombe cha kahawa kwa misimu mitatu, kinafanyika chini ya dari alikotundikwa na ambako aliwaacha watu.

Tuzime taa. Mkiwa mnatazama, fanyeni kazi mbili. Hesabuni ni mara ngapi neno "samahani" linatamkwa na nani. Na Judy anapouliza kama sasa anaweza kutoka, msimwangalie yeye, mwangalieni Angel.